Kadi Tisa za Mwalimu Khaemba

Senge Nanjala, kwetu senge ni shangazi, si mtu wa kupiga simu asubuhi. Saa zake ni za jioni, akishakamua ng'ombe na kufungia kuku, hapo ndipo anatafuta miwani, anatafuta namba, halafu ananiuliza kama nimekula. Kwa hivyo simu ilipolia Jumanne kabla sijakunywa chai, na nikaona ni yeye, nilikaa kwanza kitandani. Nilijua. Mwalimu Khaemba, mume wake, alikuwa hospitalini wiki ya pili. "Naliaka," akasema, "Mwalimu ametuacha saa kumi na moja." Halafu, bila kulia, kwa sauti ile ya kumtuma mtu dukani: "Usingoje Jumamosi ati uje na wageni. Kuja Alhamisi. Kuna kitu yako hapa." Nikauliza kitu gani. "Si ukuje tu." Siku mbili nzima nilizunguka katika nyumba yangu hapa Bungoma nikihamisha vyombo kutoka meza hii hadi ile. Nitasema ukweli, niliogopa. Nina miaka hamsini na tatu. Nafundisha Kiingereza tangu ujana, nimezika wazazi, nimezika mume, wanafunzi wangu wananong'onezana kwamba sina huruma, na huenda ni kweli. Lakini kuna jambo nililomfanyia Mwalimu nikiwa darasa la nane ambalo sikuwahi kumwambia, na likiguswa nakuwa mtoto tena, mikono inakosa kazi.

Mwaka huo nilitoka Naitiri nikaenda Kitale kurudia darasa la nane, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimeniangusha vibaya mno. Senge ni dada ya baba yangu, na Mwalimu alifundisha Kiingereza shule moja nje kidogo ya mji, kwa hivyo hakukuwa na haja ya mkutano: nilifungiwa nguo mbili na kikapu cha viazi vitamu, nikapelekwa. Nyumba yao ya shule ilikuwa na vyumba viwili, na jiko lilikuwa peke yake nje, kuta za udongo, paa la bati lililokuwa limepigwa na moshi mpaka likawa jeusi. Sebuleni kulikuwa na meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha maua mekundu, viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono wa Senge, kalenda za miaka mitatu zilizotundikwa moja juu ya nyingine, na redio iliyofunikwa kama mtoto mgonjwa. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Nilichapwa maneno wiki ya kwanza kwa kuacha kiti katikati ya chumba. "Kiti inarudi kwa meza," Senge akasema. "Kila saa. Hata kama unaenda tu kutema mate." Nilidhani ni usafi. Nilidhani pia kwamba Mwalimu hana adabu ya mezani, maana akijimiminia chai aliweka kidole ndani ya kikombe, pale juu ukingoni, na chai ilipokigusa ndipo aliinua birika. Mimi mtoto wa Naitiri nikaona, kumbe hata walimu wako hivi.

Darasani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mrefu, na koti lake la kijivu lilikuwa na chaki kwenye mifuko yote miwili, na sauti yake ilifika mpaka kwa wale wa nyuma waliokuwa wanakula mahindi ya kuchoma kisirisiri. Kazi yake kubwa, ile aliyojulikana nayo Kitale nzima, ilikuwa kuunganisha sentensi. Watoto wetu huandika vipande vipande. Niliamka. Nilioga. Nilienda shule. Mvua ilinyesha. Alikuwa akizisoma insha hizo kwa sauti ya huzuni, akituuliza, "Sasa huyu mtu, aliamka ndipo akaoga, ama alioga ingawa kulikuwa na baridi, ama alioga kwa sababu alikuwa ananuka? Mimi nitajuaje? Ameniachia mawe, hajanijengea nyumba." Alikuwa na kadi tisa, zimekatwa kutoka sanduku la sabuni, kila moja ina kiunganishi kimoja kwa herufi kubwa: BECAUSE, ALTHOUGH, UNLESS, UNTIL, na wenzake. Alizihifadhi katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Aliandika sentensi moja kushoto mwa ubao na nyingine kulia, sisi tunapiga kelele jibu, na yeye anainua kadi katikati, juu kabisa, kama refa. Ilikuwa raha. Mimi niliyekuwa nasema "arthough" mpaka Chemtai, msichana wa Kapsokwony tuliyekaa naye dawati moja, analaza kichwa kwa kucheka, nilianza kuipenda hiyo although, yaani ingawa, kuliko wimbo wowote. Inaruhusu mambo mawili yasiyopatana yakae pamoja. Na zile kadi zilikuwa chafu ajabu. Pembe zimekatika, nyingine ina meno ya panya upande mmoja, nyingine imekunjwa, nyingine ina tobo. Alizichanganya mkononi akiongea, akizipapasa bila kuziangalia, mzee wa kanisa mzima na vidole vya mcheza karata.

Baada ya chakula cha jioni, ambacho kwa kawaida kilikuwa ugali, sukuma wiki na maziwa lala, na Alhamisi githeri ya mahindi na maharagwe, Mwalimu alileta madaftari ya darasa mezani. "Nisomee, nione unavyosoma," alikuwa akiniambia. Nilisoma insha ya kwanza, ya pili, ya thelathini. Alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu anasema, "Mpe kumi na mbili. Hapo kwa mvua, andika: kwa nini? Mwambie anieleze kwa nini." Niliandika kwa kalamu nyekundu, na nilijiona mtu mkubwa sana. Chemtai nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayesahihisha madaftari ya darasa zima. Akasema, "Wacha kujifanya, bana." Sikuwa najifanya. Ila sikujiuliza hata siku moja kwa nini mwalimu wa miaka ishirini kazini ahitaji msichana aliyefeli amsomee.

Nilijua muhula wa pili. Nilikuwa nyuma ya jikoni, napukuchua mahindi kwenye gunia, na wao walikuwa ndani, Senge akichochea moto. Ukuta ule wa udongo ulikuwa na ufa unaopitisha mkono, sembuse maneno. "Daktari alisema ile imeenda haiwezi rudi," Senge alisema. "Ni presha ya macho. Hii iliyobaki ndiyo tunaomba Mungu." Mwalimu akasema kwamba asubuhi bado anaona mlango na dirisha, na watu anawaona kama vivuli, na hiyo inatosha, ubao anaujua. Senge akamwuliza, "Na wakaguzi wakikuja?" Nikasikia kuni inavunjwa. "Wakijua watanitoa," Mwalimu akasema. "Wanitoe wanipeleke wapi, Nanjala? Jembe sikulijua. Mimi ni chaki tu. Ukinitoa kwa darasa, utakuwa umebaki na nini hapa, si ni koti?" Nilikuwa nimeshika gunzi moja mkononi na nikaona nimelikamua mpaka vidole vinauma. Mambo yote yalikuja kwa mara moja: kidole kwenye kikombe, viti, madaftari, jinsi anavyoweka mkono wa kushoto ubaoni chini ya mstari ili mkono wa kulia usipotee. Niliingia jikoni dakika chache baadaye nikijifanya natafuta ungo. Senge aliangalia uso wangu, na alijua. Alinifuata nje. "Umesikia." Nikaitikia. "Basi umesikia. Sasa ifungie hapo," akanigusa kifua kwa kidole chenye unga, "na usimwonyeshe huruma. Hiyo ndiyo itamuua kwanza."

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi, na niliifanya kwa bidii kuliko masomo. Nilihakikisha madawati yamenyooka. Chemtai alikuwa kiranja, nikamwambia awe anasoma ubao kwa sauti "kwa ajili ya wale wa nyuma". Hakuniuliza sababu. Nafikiri darasa zima lilikuwa linajua, kwa namna ile watoto hujua kitu bila kukisema. Hakuna aliyewahi kumtania. Wale walioinua mikono walisema na majina yao, "Ni mimi, Mwalimu, Wanyonyi." Yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana amepotea. Na kadi aliziinua kila mara sawasawa, hakukosea hata moja. Hilo nililiona kila siku na sikulifikiria. Mpaka leo ndilo linaloniamsha: nilijua haoni, na nilimwona akichagua BECAUSE kati ya kadi tisa kila siku ya Mungu, na sikujiuliza anaijuaje. Nilidhani ni ualimu.

Habari ya wakaguzi ilikuja mwezi wa saba. Kama hujakaa shule zetu hujui maana yake. Mgeni mkubwa akija, kitu kizee hufichwa. Ndivyo tulivyolelewa: nyumbani kwetu Naitiri pasta akija, vikombe vyenye masikio yaliyovunjika vilienda chini ya kitanda, na hata nyanya yangu alivalishwa leso mpya akaambiwa asikohoe. Shuleni ilikuwa hivyo hivyo, mara kumi. Mwalimu mkuu, mtu mfupi aliyetembea na fimbo asiyoitumia, alitusimamisha gwaride akasema, "Sitaki kuona kitu kikuukuu katika shule hii. Kilichochakaa, toa. Kilichopasuka, badilisha." Tulipaka mawe chokaa kuanzia langoni hadi ofisini. Tulikandika sakafu kwa samadi. Wavulana walipanda maua ambayo hayakuwa na mizizi. Kila darasa likapewa karatasi za manila za kutengenezea chati mpya. Nyumbani nilimsikia Mwalimu akipanga somo lake na Senge, neno kwa neno, wamekaa mezani na chai. "Naliaka ataandika sentensi ubaoni kabla ya wageni kuingia, mimi ninazo kichwani. Chemtai atasoma. Darasa litajibu. Mimi nitainua kadi." "Mkaguzi ataona nini?" akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alicheka. "Ataona mwalimu anafundisha." Nilisimama mlangoni na sinia nikamwamini kabisa.

Kadi zilinitia aibu. Ndivyo ilivyokuwa, na siwezi kulipamba. Niliwaza jinsi mkaguzi mwenye viatu vya kung'aa atakavyoziona zile pembe zilizoliwa na panya, na kuandika kwenye kitabu chake kwamba mwalimu huyu ni mzembe, na kuanza kumchunguza. Nikaona nimwokoe. Jumapili wao wawili walipoenda kanisani ibada ya pili, mimi nilisema tumbo linaniuma, na Chemtai akaja. Nilipika gundi ya unga wa ngano kwa sufuria ndogo ya Senge, nikabandika manila juu ya boksi jipya, nikapima kwa rula, nikakata kwa wembe, nikaandika kwa kalamu nene ya wino mweusi. Tisa. Zilikuwa nzuri, wacha niseme. Zilikuwa sawasawa kama matofali, hakuna iliyozidi nyingine hata kwa unene wa ukucha. Chemtai alizishika akazirudisha mezani. "Si umwulize kwanza?" akasema. "Vitu ya mtu mzima haubadilishi hivi tu." Nikamwambia nataka afurahi. "Atafurahi hata ukimwuliza," akasema. Nikamwambia aache kuniharibia. Zile kuukuu nilizitia motoni chini ya sufuria ya maji ya kuoga. Boksi kuukuu huwaka haraka. Nilisugua sufuria ya gundi, lakini mikono yangu ilinuka uji wa ngano hadi kesho yake, na nikaweka kadi mpya ndani ya mkebe, nikafunika.

Wakaguzi walikuwa wawili, na aliyekuja kwetu Jumatatu hiyo alasiri, saa ambazo Mwalimu haoni tena hata vivuli, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta ya kijani na uso wa kawaida, si wa ukali. Alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti kilichotolewa ofisini, kitabu magotini. Mwalimu alimsalimia akiangalia kule ilikotoka sauti yake, vizuri kabisa. Chemtai akasoma sentensi mbili za kwanza: Mvua ilikuwa kubwa, tulikuja shule. Darasa likasema, "Although!" Mwalimu akafungua mkebe akaingiza mkono. Nilikuwa dawati la mbele. Niliona vidole vyake vikishika kadi ya kwanza, vikapita kwenye ukingo wa juu, vikageuka, vikapita ukingo wa chini, vikatafuta pembe. Vikaiacha. Vikashika ya pili. Vikafanya vile vile, haraka zaidi. Na mimi nikaelewa. Nilielewa yote, panya na tobo na mkunjo, nikiwa nimekaa pale na mikono juu ya dawati kama tulivyofundishwa. Hazikuliwa na panya. Alizikata mwenyewe, moja moja, kila neno na alama yake, na mimi nilikuwa nimepasha nazo maji ya kuoga.

Alikaa hivyo labda muda wa kuvuta pumzi tatu. Uso wake haukubadilika, ila shingo ilitokwa na jasho. Kisha akainua kadi moja juu kabisa, kama kawaida yake. Ilikuwa UNLESS. Chemtai, Mungu ambariki, akasema kwa sauti kubwa, "Although," na wote wakamfuata, watoto arobaini na kitu, wakisoma neno ambalo halikuwepo. Sentensi ya pili akainua nyingine, si yenyewe, na tukasoma iliyo sahihi. Ya tatu akaiinua juu chini, na tukaisoma. Nilitaka kusimama. Nilijiambia nisimame niseme, Mwalimu, nipe nikushikie kadi, kitu chochote, niseme naumwa, nianguke. Nikabaki nimekaa. Nikaona mkaguzi ameinuka. Alikuja mbele polepole kati ya madawati, sakafu ile ya samadi haitoi sauti, akasimama mita moja mbele ya Mwalimu akimwangalia usoni. Na Mwalimu, akitazama nyuma kule kwenye kiti kitupu, akatabasamu akasema kwa Kiingereza chake kile kizuri, "Kama unavyojionea mwenyewe, madam, wanajibu bila hofu." Yule mama alifunga macho kidogo. Kisha akavua viatu, naapa, akavishika mkononi, akarudi kwa vidole vya miguu mpaka kwenye kiti chake, akakaa, na kutoka pale akasema, "Nimeona, Mwalimu. Asante sana." Sijui aliandika nini. Najua alikuwa mtu mzuri, na hilo halikusaidia kitu.

Senge alikuwa amechinja jogoo tangu mchana, maana alijua kutakuwa na sherehe. Tulikula sisi watatu, ugali wa wimbi na kuku, na redio imezimwa. Mwalimu alikuwa ameingia akavua koti, akaosha mikono, akasema somo lilienda vizuri kiasi, basi. Senge alinitazama, na mimi nikaangalia ua la kitambaa cha meza. Sasa, kwetu firigisi ya kuku, sisi tunaiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Haiulizwi. Mke haili, mtoto haigusi, mgeni mkubwa akija ndipo mwenye nyumba anaweza kumpa kwa heshima. Senge alikuwa ameiweka kwenye sahani ya Mwalimu, juu kabisa, mahali anapoijua. Alipapasa akaipata. Akanyoosha mkono juu ya meza, taratibu, akagusa ukingo wa bakuli la mboga, akagusa kikombe, akafika kwenye sahani yangu, akaiweka hapo. Niliwaza, sasa hata sahani yake haioni, ameshindwa kujua yake ni ipi, na ni kwa sababu yangu siku yake imevurugika hivi. Nikaichukua kwa vidole viwili, nikairudisha kwake. "Mwalimu," nikasema, "hii imekuja kwangu kimakosa. Ni yako." Mkono wake ulikuwa bado mezani. "Sawa," akasema. Akaila, polepole, na sisi tukaendelea.

Barua ilikuja kabla ya mitihani. Ilisema mambo ya afya, na kumshukuru kwa utumishi wake. Wakahamia Tongaren kwenye shamba lao, na mimi nikabaki Kitale kwa akina Chemtai, mjomba wake aliyekuwa na nyumba karibu na soko, hadi nilipomaliza. Kiingereza nilipata alama ambazo hakuna mtu wa kwetu alikuwa amezipata. Baba alifurahi akachinja, na mimi nililia chooni. Miaka yote iliyofuata nilikuwa naenda Tongaren mara mbili tatu kwa mwaka, nikiwa na mkate na sukari na majani. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake mbele ya ghala la mahindi, macho yamefunga kazi kabisa, na mara nyingi kulikuwa na watoto wa majirani wamemzunguka na madaftari. Nikija walitawanyika. Tulizungumza kuhusu darasa langu, jinsi watoto wa siku hizi wanavyoandika kama ujumbe wa simu. Kila safari niliondoka Bungoma nimejiapia, leo nasema. Nilikuwa nayo sentensi, nimeiandaa njiani, na nikifika pale naanza habari za mvua. Mara moja, miaka mingi sasa, aliuliza, "Una jambo, Naliaka?" Nikasema, "Hapana, Mwalimu, ni uchovu tu." Akasema, "Haya." Mimi nifundishaye watoto kila siku kwamba kila sentensi inaweza kuunganishwa na nyingine. Nilifanya kosa, na hapo pembeni kuna neno pole, na kati yao sikupata cha kuweka.

Alhamisi nilifika Tongaren adhuhuri. Vijana walikuwa wanasimamisha turubai, na jikoni wanawake walikuwa wameshaanza kuosha sufuria kubwa za kuazima. Chemtai alikuwa ametangulia, amekuja kutoka Kapsokwony na gunia la viazi, mnene sasa, anatembea na goti bovu. Tulikumbatiana. Senge alikuwa chumbani amekaa juu ya godoro chini, kama inavyotakiwa, kitambaa kichwani, mdogo kuliko nilivyomwacha Pasaka. Akawaambia wanawake wengine watupishe. Kisha akavuta kutoka chini ya shuka mkebe wa mafuta ya kupikia, ule ule, umepata kutu, akaniwekea magotini. Nilijua kilichomo kabla sijafungua. Zilikuwa tisa, mwandiko wangu wa darasa la nane, manila imekuwa rangi ya chai. Na kila moja ilikuwa imekatwa. Moja ina meno upande wa juu, nyingine ina tobo, nyingine pembe imekunjwa na kulainika kwa vidole vya miaka mingi.

"Alizikata wiki ile ile," Senge akasema. "Kwa wembe. Mimi nasoma, yeye anakata. Hizo ndizo amefundishia watoto wa hapa mpaka mwezi uliopita."

Nilijaribu kufunga macho na kuipapasa moja nione kama nitaijua. Sikuijua. Nikamwuliza kile nilichokuwa nimekiogopa tangu nikiwa msichana, kama alijua ni nani aliyezibadilisha.

"Si alijua siku ile ile. Alikuja nazo jikoni kabla tule, akaninusisha. Akasema, hizi zinanuka uji ya ngano. Na uji ya ngano nani alikuwa anapika kwangu? Nikasema nitamwita huyu mtoto nimwulize. Akasema wacha, atasema mwenyewe."

"Miaka hiyo yote, Senge. Na yeye hakuniambia kwamba anajua, wala kwamba amenisamehe."

Senge alinyoosha mkono akafunika mkebe, akaubana kifuniko vizuri kama anavyobana kila kitu. Aliniangalia bila ukali, na hiyo ndiyo niliyoshindwa kuvumilia.

"Alikuambia," akasema. "Ile imondo hakukosea sahani, Naliaka. Ni wewe alikupea. Ukamrudishia."